Jeshi Lililodai Anga Yote: Wanahewa wa Italia kutoka Ain Zara hadi Ngomeni

Ukisimama ufukweni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, asubuhi bahari ikiwa imetulia, utayaona mbali majukwaa ya chuma yamesimama majini kwa miguu yake mirefu. Mara ya kwanza kupelekwa kuyatazama nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na mvuvi aliyetupakia kwenye mashua yake alitueleza kwa ufupi kwamba hapo ndipo Waitalia walipokuwa wakirushia roketi. Sikumuuliza ni Waitalia gani. Malindi ina Waitalia wengi, wenye mahoteli na nyumba za kupangisha, nami nikadhani ni hao hao. Ilinichukua miaka mingi kujua kwamba mtu aliyeyaleta majukwaa yale, Luigi Broglio, alikuwa mhandisi na afisa wa jeshi la anga la Italia, na kwamba jeshi hilo hilo, wakati wa mfalme na dikteta Mussolini, ndilo lililoangusha mabomu Malindi mnamo Oktoba 1940. Marehemu nyanya yangu, aliyekuwa msichana mdogo wakati huo, alisimulia jinsi watu walivyobeba watoto na mikeka wakakimbilia mashambani, wakiangalia juu kila walipopumzika.

Tangu nilipoyaunganisha mambo hayo mawili nimekuwa nikisoma historia ya jeshi hilo kwa bidii ambayo jamaa zangu hawaielewi vizuri. Kinachonivuta si mapigano peke yake. Ni swali la utawala ambalo kila nchi yenye ndege za kivita imelazimika kulijibu: ndege ni ya nani? Je, ni ya jeshi la nchi kavu linalotaka kuona ng'ambo ya kilima, ni ya jeshi la majini linalotaka kulinda manowari zake, au iwe na jeshi lake lenyewe? Italia ililijibu swali hilo mapema kuliko nchi nyingi na kwa ukali kuliko karibu zote, na naamini jibu hilo moja linaeleza sehemu kubwa ya fahari na ya misiba iliyofuata.

Mwanzo wake ulikuwa wa kawaida. Mwaka 1884 jeshi la nchi kavu liliunda kitengo cha maputo mjini Roma, na miaka michache baadaye maputo hayo yalipelekwa Eritrea ili maafisa wapate kuchungulia nchi kutoka juu. Aprili 1909 Wilbur Wright alifika Centocelle, nje ya Roma, akamfundisha kurusha ndege afisa wa majini aitwaye Mario Calderara. Miaka miwili na nusu baadaye Italia ilikuwa vitani na Dola ya Osmani ikiigombea Libya, na ndege 9 zikasafirishwa kwa meli hadi Tripoli. Tarehe 23 Oktoba 1911 Kapteni Carlo Piazza aliruka kwa ndege aina ya Blériot kwenda kuangalia majeshi ya adui yalipo, safari inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi wa ndege katika vita.

Siku tisa baadaye, tarehe 1 Novemba, Luteni Giulio Gavotti alifanya jambo ambalo halijafanywa na mtu kabla yake. Inafaa kulitazama kwa karibu, maana hakuna aliyemfundisha namna ya kulifanya. Ndege yake ilikuwa Etrich Taube, chombo chepesi cha mbao na kitambaa ambacho mabawa yake yalifanana na ya njiwa. Alibeba mabomu manne madogo, ya kushikika kwa kiganja, pamoja na viwashio vyake vilivyowekwa mbalimbali ili yasilipuke njiani. Alipokaribia Ain Zara, kijiji cha mitende kusini-mashariki mwa Tripoli, alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akatoa bomu, akalitia kiwashio, akalitupa nje ya bawa, kisha akatazama chini mpaka alipoona wingu dogo jeusi likiinuka. Yote hayo aliyaeleza katika barua aliyomwandikia baba yake, kwa furaha ya kijana aliyefaulu mtihani. Waliokuwa chini siku ile, Waosmani na Waarabu wa Libya, hawakuacha barua iliyopata umaarufu kama ile. Kila ninapoisoma habari hii ninamfikiria mtu aliyekuwa amekaa chini ya mtende Ain Zara, akisikia mngurumo juu yake asijue kwamba kuanzia saa ile anga imekuwa kitu cha kuogopwa.

Kutokana na vita vya Libya lilizuka kundi la maafisa walioamini kwamba ndege haikuumbwa iwe mtumishi wa askari wa miguu. Mkuu wao kwa fikra alikuwa Giulio Douhet, aliyepewa kikosi cha marubani mjini Torino. Alimwagiza mhandisi Gianni Caproni atengeneze ndege kubwa ya mabomu yenye injini tatu bila kusubiri kibali cha wakubwa, na kwa ajili hiyo akaondolewa kwenye cheo hicho. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vikiendelea aliandika waraka wa kuwakosoa makamanda, ukamfikisha mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1916, akafungwa mwaka mmoja katika ngome ya Fenestrelle. Baada ya jeshi la Italia kuvunjwa vibaya Caporetto, Oktoba 1917, ilionekana kwamba mengi aliyoyasema yalikuwa ya kweli, na baadaye hukumu yake ikafutwa. Mwaka 1921 alichapisha kitabu chake juu ya utawala wa anga, akidai kwamba vita vijavyo vitaamuliwa na ndege za mabomu zitakazopiga miji na viwanda mpaka raia wenyewe wakate tamaa. Douhet alikuwa na ujasiri, na alionewa, lakini fundisho hilo silikubali: aliwahesabu raia kama shabaha, na wengi waliomfuata katika nchi mbalimbali hawakuhangaika kulichuja.

Vita vyenyewe vya 1915 hadi 1918 nitavipitia haraka, kwa kuwa sifa zake zinajulikana: Caproni za injini tatu zikivuka mpaka wa Austria, rubani Francesco Baracca aliyetungua ndege 34 kabla ya kufa mwenyewe Montello tarehe 19 Juni 1918, na mshairi Gabriele D'Annunzio aliyeongoza ndege hadi juu ya Vienna Agosti mwaka huo na kuangusha vikaratasi badala ya mabomu. Farasi mweusi aliyechorwa ubavuni mwa ndege ya Baracca ndiye huyo huyo aliye leo kwenye magari ya Ferrari. Mama ya marehemu Baracca ndiye aliyempa Enzo Ferrari alama hiyo.

Kisha ukaja uamuzi wenyewe. Tarehe 28 Machi 1923, miezi mitano baada ya Mussolini kushika madaraka, amri ya kifalme iliunda Regia Aeronautica, Jeshi la Anga la Kifalme, likiwa tawi la tatu lenye hadhi sawa na nchi kavu na majini. Mwaka huo huo chuo chake cha maafisa kilianzishwa, na mwaka 1925 likapata wizara yake. Muundo wake ulipangwa ngazi kwa ngazi: ndege chache zilifanya squadriglia, squadriglia kadhaa zikafanya gruppo, magruppo mawili au zaidi yakafanya stormo, neno la Kiitaliano lenye maana ya kundi kubwa la ndege wa mwituni warukao pamoja. Juu ya stormo kulikuwa na brigedi, divisheni, na mwisho squadra iliyoshika eneo zima la nchi. Lakini jambo zito halikuwa kwenye ngazi hizo. Lilikuwa kwamba karibu kila chombo kirukacho, na kila rubani, viliwekwa chini ya jeshi hilo moja. Nchi kavu na majini walipewa vikosi vya kuwasaidia, ambavyo ndani yake mtazamaji aliyekaa nyuma alikuwa wao, ila rubani na ndege vilikuwa vya jeshi la anga.

Kwa fahari, mpango huo ulizaa matunda upesi. Italo Balbo, aliyekuwa waziri kuanzia 1929, alitaka dunia iyaone makundi, asitake shujaa mmoja mmoja. Julai 1933 aliondoka Orbetello na ndege 25 za kutua majini aina ya Savoia-Marchetti S.55, zenye viunzi viwili sambamba kama mashua mbili zilizofungwa pamoja. Moja ilianguka Amsterdam, na 24 zikafika Chicago na kutua kwenye Ziwa Michigan mbele ya umati mkubwa. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Oktoba 1934, Francesco Agello alifikia kilomita 709 kwa saa juu ya Ziwa Garda akiwa ndani ya Macchi M.C.72, mwendo ambao hakuna ndege nyingine ya kutua majini yenye injini za pistoni iliyoupita hadi leo. Sikatai uzuri wa mambo hayo. Uhandisi ule ulikuwa wa hali ya juu, na kuvuka Atlantiki kwa kundi kulihitaji nidhamu ya urambazaji, vituo vya mafuta na utabiri wa hali ya hewa ambavyo nchi chache zilikuwa navyo.

Jeshi lile lile, miaka miwili baada ya Chicago, lilikuwa juu ya Ethiopia. Hapa ndipo ninaposhindwa kuwavumilia waandishi wanaoruka kutoka Chicago moja kwa moja hadi mwaka 1940. Vita vilianza Oktoba 1935, na Ethiopia ilikuwa na ndege chache mno, karibu zote zisizo na silaha, hivyo marubani wa Italia walikuwa na anga peke yao. Desemba waliipiga Dessie, mji aliokuwamo Mfalme Haile Selassie mwenyewe. Kuanzia mwezi huo huo walianza kutumia gesi ya haradali, kwanza kwa mabomu, halafu kwa vipulizio vilivyofungwa kwenye ndege ili kimiminika kishuke kama umande juu ya watu, mifugo, mito na malisho. Italia ilikuwa imeuridhia Mkataba wa Geneva wa 1925 uliokataza silaha hizo. Tarehe 30 Desemba 1935 ndege ziliipiga hospitali ya hema ya Msalaba Mwekundu wa Uswidi huko Melka Dida. Haile Selassie aliyaeleza yote hayo mbele ya Shirikisho la Mataifa mjini Geneva tarehe 30 Juni 1936, akitaja hata idadi ya ndege zilizofuatana, tisa, kumi na tano, kumi na nane, ili mvua ile ya sumu isikatike. Serikali ya Italia haikukiri rasmi matumizi ya gesi hiyo mpaka mwaka 1996, miaka sitini baadaye.

Kutoka Ethiopia marubani hao walikwenda Hispania kumsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, wakapiga Barcelona kwa siku tatu Machi 1938, na wakarudi nyumbani na somo lililopotoka. Ndege zao za kivita zenye mabawa mawili mawili, moja juu ya jingine, zilikuwa zimefanya vizuri kwa wepesi wa kugeuka, wakadhani zitafaa tena. Hivyo Italia ilipoingia Vita Vikuu vya Pili tarehe 10 Juni 1940 ilikuwa na ndege zaidi ya 3,000, ambazo karibu 1,800 tu zilikuwa tayari kwa kazi, na nyingi kati ya ndege za kukabiliana na adui angani zilikuwa Fiat CR.42, yenye mabawa mawili mawili na kiti kilicho wazi kwa upepo. Rubani wake aliweza kuizungusha kama mwewe. Hakuweza kumkimbiza adui mwenye mwendo kuliko yeye.

Huku kwetu vita hivyo vilianza siku tatu tu baadaye, pale ndege za Caproni zilipoipiga ngome ya Wajir tarehe 13 Juni. Aliyetawala Afrika Mashariki ya Kiitalia kutoka Addis Ababa alikuwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, ambaye mwenyewe alikuwa jenerali wa jeshi la anga. Tatizo lake lilikuwa la hesabu. Mfereji wa Suez ulikuwa mikononi mwa Waingereza, hivyo hakuna meli ya mafuta wala ya vipuri iliyoweza kumfikia. Jeshi lake lilitafuta njia ambayo bado inanishangaza: CR.42 zilifunguliwa vipande, zikapakiwa ndani ya tumbo la ndege kubwa za mizigo aina ya SM.82, zikarushwa kutoka Libya juu ya Sudan yote iliyokuwa ya adui, kisha mafundi wakaziunganisha upya Ethiopia. Hazikutosha. Amedeo alisalimu amri Amba Alagi Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mfungwa, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942. Rubani wa mwisho aliyeruka kwa upande wao katika eneo hili, Ildebrando Malavolti, alitunguliwa tarehe 24 Oktoba 1941.

Niliwahi kwenda Nyeri kuliona kanisa la kumbukumbu ambamo Amedeo amezikwa pamoja na askari wa Kiitalia waliofariki katika vita na katika kambi za wafungwa. Ndani kuna baridi ya mlimani na ukimya, na majina yamepangwa ukutani safu juu ya safu. Nilikaa pale karibu saa nzima. Nilijikuta nikiwahurumia vijana wale, na wakati huo huo nikitafuta kwa macho jina la Wajir au la Malindi.

Baharini ndiko uamuzi wa 1923 ulikogharimu zaidi. Kwa kuwa majini hawakuwa na ndege zao, na kwa kuwa wakubwa waliamini kwamba rasi ya Italia yenyewe inatosha kuwa uwanja wa kurukia ndege katikati ya Mediterania, hakukuwa na meli hata moja ya kubeba ndege. Amiri aliyehitaji msaada akiwa vitani alipeleka ombi kwa makao makuu yake Roma, nayo yakaliomba jeshi la anga, nalo likateremsha amri hadi kwenye kambi. Tarehe 9 Julai 1940, katika mapigano ya Punta Stilo, ndege za mabomu zilifika zikiwa zimechelewa na kuzipiga manowari za Uingereza na za Italia pia. Usiku wa tarehe 28 Machi 1941, siku ambayo jeshi la anga lilitimiza miaka 18 kamili tangu kuundwa, meli tatu kubwa, Zara, Fiume na Pola, zilizamishwa karibu na Rasi Matapan. Masaibu yalianza baada ya Pola kupigwa topido na ndege iliyotoka kwenye meli ya Waingereza ya kubeba ndege. Waitalia zaidi ya 2,300 walikufa. Ndipo Roma ilipoamua kuigeuza meli ya abiria kuwa meli ya kubeba ndege, iitwe Aquila, lakini vita viliisha kwa Italia kabla haijakamilika.

Italia iliposalimu amri Septemba 1943 jeshi liligawanyika. Waliokuwa kusini walipigana upande wa Washirika, waliokuwa kaskazini wakabaki na Mussolini na Wajerumani, na wale wa kusini wakatumwa hasa juu ya nchi za Balkani ili Mwitalia asimtungue Mwitalia mwenzake. Juni 1946 ufalme ulifutwa kwa kura, na jina likawa Aeronautica Militare. Mkataba wa amani wa 1947 uliwaruhusu ndege 200 tu za kivita na upelelezi, nyingine 150 za uchukuzi, mafunzo na uokoaji, watu 25,000, na hakuna ndege ya mabomu hata moja. Masharti hayo yalilegezwa baada ya Italia kujiunga na NATO mwaka 1949.

Kuna sura moja ya enzi hii mpya ambayo wasomaji wa Kongo wanaijua kuliko sisi. Tarehe 11 Novemba 1961 ndege mbili za mizigo za Brigedi ya 46 ya Pisa, zilizokuwa zikiutumikia Umoja wa Mataifa, zilitua Kindu zikiwa na mahitaji ya walinda amani kutoka Malaya. Wanahewa 13 waliokuwamo walikamatwa na askari waasi wakauawa. Hawakuwa na bomu lolote. Walikuwa wachukuzi. Lakini katika Kongo ya mwaka ule, miezi kumi tu baada ya kuuawa kwa Lumumba, mzungu aliyeshuka kutoka ndege ya kijeshi hakuwa na namna ya kujieleza. Maiti zao zilirudishwa Pisa, na jina la Kindu limeandikwa huko kwenye jengo la kumbukumbu karibu na kiwanja cha ndege.

Muundo wa leo bado unatumia maneno ya zamani. Makao makuu yako Roma, chini yake kuna kamandi ya squadra inayoshika vikosi vya mapigano, kamandi ya vifaa na kamandi ya shule, na stormo ndiyo nguzo: ya 4 iko Grosseto na bado inachora farasi wa Baracca. Kilichobadilika ni lile dai la anga yote. Nchi kavu sasa ina helikopta zake, na mwaka 1989, miaka 66 baada ya amri ya mfalme, sheria iliwaruhusu majini kuwa na ndege zao za kivita za kubebwa na meli. Hata hivyo mvutano haujaisha, kwa maana majeshi yote mawili, la anga na la majini, yameagiza ndege ya kivita ya F-35 ya aina ile ile inayoweza kutua wima, na wanasiasa wa Roma wameendelea kubishana iwapo nchi inahitaji makundi mawili ya ndege moja.

Broglio, yule wa majukwaa ya Ngomeni, alitoka ndani ya muundo huo. Kwa kuwa jeshi la anga lilikuwa limejikusanyia wahandisi na utafiti wa makombora, mtu aliyetaka kupeleka chombo angani hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Desemba 1964 timu yake ilirusha setilaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, kutoka Marekani. Baada ya hapo alitafuta mahali karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisukuma roketi na kuipunguzia mzigo wa mafuta, na upande wa mashariki pawe na bahari tupu ili mabaki yasiwaangukie watu. Ramani ikamleta Ngomeni, na San Marco 2 ikaruka kutoka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, jukwaa hilo lilirusha setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi huo, aliipa jina la siku yenyewe kwa lugha ya wenyeji. Ikaitwa Uhuru, na ndivyo inavyoandikwa hadi leo katika vitabu vya elimu ya nyota vya kila lugha. Nyanya yangu alikuwa bado hai wakati huo. Alisema kwamba siku ile baadhi ya majirani walitoka nje waliposikia mngurumo, na kwamba yeye alisimama mlangoni kwanza, akasikiliza unakoelekea, mpaka alipohakikisha kuwa unakwenda juu.